Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, katika sherehe za kutimiza miaka kumi



Wasemaji waliotutangulia asubuhi hii wamekwisha kueleza habari za mizani, ghala na mikopo, nao wamezieleza vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Kwa hiyo Kamati imetutaka tuseme juu ya jambo moja tu, nalo ni maji ya kufugia samaki. Huenda baadhi yenu mkastaajabu kwamba katika siku ya furaha kama hii, ngoma zikingoja nje na nyama ikiwa jikoni, katibu asimame aseme habari za tope na uvundo. Walakini jambo hili limekwisha kutugharimu fedha, na mwaka huu lilikaribia kutugharimu kitu cha thamani kuliko fedha, yaani kuaminiana kwetu. Tena adhuhuri hii wajumbe mtapiga kura juu yake, na si vema mtu apige kura juu ya jambo asilolielewa.

Mnakumbuka kwamba tangu Chama kilipoanza kugawa vifaranga vya sato na kambale kwa mkopo, wanachama wengi wamechimba mabwawa. Mnajua pia yaliyotokea katika chama kimoja cha msingi, ambacho hatutakitaja jina kwa kuwa wajumbe wake wamekaa humu ukumbini pamoja nasi. Mwanachama mmoja aliamka alfajiri akakuta samaki wake wanaelea, matumbo juu. Wiki ileile jirani yake alikuwa amepiga dawa ya wadudu katika nyanya zake. Basi ikasemwa kwamba jirani ametia sumu bwawani. Maneno yakafika kwa balozi, yakafika kwa mtendaji wa kijiji, na yalipotufikia sisi ofisini, watu wawili waliozoea kuazimana majembe walikuwa hawasalimiani tena, na chama chao kimegawanyika nusu kwa nusu.

Tulipokwenda kutazama tuliuliza maswali matatu tu. Samaki walikufa saa ngapi? Ni wepi waliokufa, wakubwa au wadogo? Na vyura na wadudu wa majini wako katika hali gani? Tukajibiwa kwamba walikufa kabla ya jua kuchomoza. Kwamba waliokufa karibu wote ni wale wakubwa waliokuwa tayari kuuzwa, na wadogo walikuwa wazima wakitwetea ukingoni. Na vyura, alisema mama mwenye nyumba, walilia usiku kucha hata wakamnyima usingizi. Kwa majibu hayo matatu jirani alikuwa amekwisha kutoka katika lawama. Samaki wale walikosa hewa.

Tafadhalini mshike tofauti hii, maana ina manufaa makubwa kijijini. Hewa ikipungua majini, aghalabu samaki wakubwa ndio wanaotangulia kufa, na saa yake ni mwisho wa usiku. Sumu ya dawa za shamba haingoji alfajiri. Huua saa yoyote ile, mara nyingi huanza na samaki wadogo, nayo haiwaachi wadudu wa majini. Hatusemi kwamba sumu haiwezekani. Dawa zinazopigwa katika nyanya na pamba ni kali mno kwa samaki, na yule aoshaye bomba lake la dawa mferejini anastahili kukemewa hata kama hakuna samaki aliyekufa. Tunasema tu kwamba kabla ya kumshitaki mtu, bwawa lenyewe liulizwe.

Sasa hewa huingiaje majini, nayo hutokaje? Sisi tulisoma kemia hadi kidato cha nne, wala hatujifanyi mabingwa, lakini jambo lenyewe si gumu. Rangi ya kijani mnayoiona bwawani ni vijimea vidogo visivyohesabika. Mchana, jua likiwaka, vijimea hivyo hutoa oksijeni, na samaki huvuta kwa raha. Usiku havitoi kitu, bali navyo huvuta hewa ileile, pamoja na samaki, pamoja na samadi inayooza na pumba iliyosalia chini. Hivyo akiba ya mchana huliwa usiku kucha, nayo hufikia uchache wake kabisa karibu na mapambazuko. Bwawa likiwa la kijani kupita kiasi, mchana huonekana tajiri, na alfajiri huwa fukara.

Akiba yenyewe si kubwa. Huko pwani, lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 yaweza kushika oksijeni ya miligramu 9 hivi. Maji hayo yakifikia nyuzi 30 hushika 7 na nusu tu. Na kadiri mtu apandavyo milimani ndivyo kiasi hicho kinavyozidi kupungua. Sato hustahimili mengi, lakini chini ya miligramu 3 huacha kula vizuri na hudumaa. Kambale hupanda juu akavuta hewa ya kawaida, kwa maana Mungu amempa kiungo cha kazi hiyo, ndiyo sababu mtu mwenye kambale peke yake aweza kuwa na maji mabaya miezi mingi bila kujua.

Hapa yatupasa tuseme na desturi yetu wenyewe. Sisi sote tumelelewa tukijua kwamba maji mazuri ni yale maangavu, yale ambayo ukiyateka mtungini waona chini. Kwa kunywa ni kweli, ingawa hata hayo huchemshwa. Lakini mfugaji mpya akiona bwawa lake limegeuka kijani, hufungulia maji mapya mchana kutwa apate kulitakasa, akayamwaga yale ya kijani, ambayo ndiyo malisho ya samaki wake na ndiyo chujio lake. Vijimea vile hula amonia, ambayo ni taka ya samaki, kama vile mgomba unavyokula samadi. Mwenye kuyamwaga hubaki na maji meupe, samaki wenye njaa, na gharama ya pumba maradufu.

Basi kijani kiasi gani? Hapana haja ya chombo cha kununua. Simama bwawani, tumbukiza mkono wima, kiganja kimekunjwa kikitazama juu, huku ukitazama vidole vyako. Vidole vikipotea machoni kabla maji hayajafika katika kiwiko, kijani kimezidi: acha samadi, punguza chakula, ongeza maji mapya kidogo kidogo. Vikipotea maji yakiwa yamefika katika kiwiko au karibu na hapo, maji yako ni mema. Ukiona vidole waziwazi hata maji yakipita kiwiko, bwawa lina njaa, nalo lahitaji mbolea. Wenye kupenda vipimo watumie kisahani cheupe na cheusi kilichofungwa kamba, nacho kipotee kati ya sentimeta 25 na 40. Angalizo moja tu: maji yakiwa mekundu kwa udongo, mkono utapotea vilevile, lakini hicho si kijani, na samadi ya ziada haitakisaidia kitu. Hayo yahitaji kutulizwa katika kijibwawa cha juu kabla ya kuingia, na kingo za bwawa kupandwa majani.

Mtu akiamka akakuta samaki wanapanda juu wakipanua vinywa, asiwatupie chakula akidhani wana njaa. Afungulie maji mapya mara moja, nayo yaanguke kutoka juu, yapitie katika bati lililotobolewa au mawe, yapate kuchanganyika na hewa. Aache kulisha siku ile, na samadi aisimamishe mpaka kipimo cha mkono kirudi mahali pake. Kama hana maji mapya, ayateke yaleyale kwa ndoo na kuyamwaga tena kwa juu, yeye na watoto wake, mpaka jua lipande. Ni kazi ya kuchosha, lakini wako waliookoa samaki kwa njia hiyo.

Hayo ni ya mabwawa. Sasa tuje kwa wale waliojenga matangi, na hapa tutakaa kitambo, kwa sababu barua nyingi tunazopokea zatoka kwao. Tangi si bwawa dogo. Bwawa lina udongo, lina vijimea, lina jua, navyo vyote hufanya kazi ya kusafisha bila kuombwa. Tangi halina kitu. Kila kazi ambayo bwawa huifanya lenyewe, mwenye tangi hana budi kuifanya kwa mkono au kwa chujio.

Kikundi kimoja cha wanachama wetu, watu wenye bidii sana, kilijenga tangi la saruji la lita 1,000, kikalijaza siku lilipokauka, na kesho yake kikatia vifaranga 300. Siku ya nne samaki walianza kufa, na hapo napo lilitafutwa jina la mtu. Tafadhalini chukueni penseli tufanye hesabu pamoja. Kifaranga wa gramu 5, mara 300, ni kilo 1 na nusu ya samaki. Wakilishwa sehemu 5 katika 100 za uzito wao, chakula ni gramu 75 kwa siku. Kilo 1 ya chakula chenye protini sehemu 30 katika 100 huzaa amonia ya gramu 28 hivi, ambayo sehemu kubwa hutoka kwa njia ya mashavu ya samaki. Kwa hiyo gramu 75 huzaa gramu 2, na gramu 2 katika lita 1,000 ni miligramu 2 kwa kila lita, kila siku. Siku ya nne zimekuwa 8. Hakuna adui aliyeingia usiku. Samaki walikuwa wakiogelea katika taka zao.

Tena kulikuwa na jambo la pili. Amonia haina ukali uleule katika maji yote. Katika maji ya joto la nyuzi 25 yenye pH 7, yaani yasiyo chachu wala si ya chokaa, amonia iliyo sumu haifiki sehemu 1 katika 100 za amonia yote. Maji hayohayo yakifikia pH 9, sumu hupita theluthi moja. Na saruji mpya hutoa chokaa ndani ya maji, ikapandisha pH. Ndiyo maana tangi jipya la saruji lapaswa kujazwa na kumwagwa mara kadhaa katika muda wa majuma kadhaa kabla kiumbe chochote hakijatiwa. Fundi aliyelijenga hakuwaambia, kwa kuwa yeye alizoea matangi ya kuhifadhia maji ya nyumbani.

Chujio, basi, ni nini? Wengi hudhani ni kitu cha kuzuia uchafu uonekanao, kama kichujio cha chai. Hiyo ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu iliyo nyepesi. Nusu nyingine hufanywa na vijidudu vyema ambavyo hushika katika kokoto na kuishi humo. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu, hugeuza damu ya samaki kuwa rangi ya udongo hata isichukue hewa. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa, nayo huondolewa kwa kubadili maji kidogo kidogo, au kumwagia mboga, ambazo huipenda sana. Lakini vijidudu hivi havinunuliwi dukani siku moja vikafanya kazi kesho yake. Huongezeka polepole, na chujio jipya huhitaji majuma 4 hadi 6 lipate kukomaa. Mwenye haraka aombe kokoto chache kutoka katika chujio la zamani la mwenzake ambaye samaki wake hawana ugonjwa, azibebe zikiwa na majimaji, azitie katika lake. Ni kama hamira ya kuazima.

Chujio lenyewe laweza kutengenezwa kwa mapipa mawili. Katika pipa la kwanza maji ya tangi huingia taratibu karibu na chini na kutoka karibu na juu, ili kinyesi na mabaki ya chakula yatulie. Kila siku mbili tatu tope hilo hufunguliwa kwa koki ya chini likapelekwa bustanini. Pipa la pili hujazwa kokoto za ukubwa wa harage zilizokalishwa juu ya wavu au matofali, maji yaingie chini, yapande katikati ya kokoto, yatoke juu na kuanguka tangini yakipata hewa. Pampu ndogo yatosha, ya umeme au ya jua. Mkaa wa jikoni, ambao tumeukuta katika machujio mengi, hauondoi amonia. Hausaidii zaidi ya kuwapa nyumba vijidudu, na kokoto hufanya kazi hiyo kwa bei nafuu.

Sasa sikilizeni jambo linaloharibu machujio kuliko yote, nalo hufanywa na watu safi. Mtu huona kokoto zimeshika utelezi wa rangi ya kahawia, akazitoa, akaziosha kwa sabuni au kwa maji ya bomba yenye klorini mpaka zikang'aa. Utelezi ule ndio chujio! Ameua watumishi wake wote kwa siku moja, na baada ya siku chache samaki huwafuata. Kokoto huoshwa kwa maji ya tangi lenyewe, kwa kutikiswa tu, tena nusu leo na nusu baada ya majuma mawili. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, vijidudu hukosa hewa na kuanza kufa; pampu itakaporudi, maji ya kwanza yatokayo katika pipa yamwagwe nje, yasiingie tangini, kwa maana yameoza.

Na yule ambaye samaki wake wamekwisha kupatwa afanye nini? Asimamishe chakula. Abadili robo au theluthi ya maji, si yote, kwa maji yenye joto linalolingana, na kesho arudie. Kama kipimo kinaonyesha nitriti, chumvi ya kawaida husaidia, kilo 1 katika tangi la lita 1,000, kwa kuwa huizuia isiingie damuni.

Kuhusu maji yanakotoka tutasema kwa ufupi. Ya mto yapitishwe katika wavu wa matundu madogo, yasilete samaki wa mwituni na mayai yao. Ya kisima kirefu aghalabu hayana hewa, na mengine yana chuma kinachoacha kutu. Yaangushwe kwa juu na kulazwa kabla ya kutumiwa. Ya bomba yalazwe wazi siku moja au mbili ili klorini itoke. Na bwawa lenye udongo mchachu litiwe chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za mraba, kabla ya kujazwa.

Ndugu wajumbe, msidhani kwamba matatizo haya ni ya kwetu peke yetu. Katika nchi hii majaribio ya kufuga perege katika mabwawa yalianza mwaka 1949, Korogwe katika Tanga na Malya katika Mwanza. Kufikia mwaka 1968 yalikuwa yamechimbwa mabwawa kadiri ya 8,000. Hiyo ni hesabu ya kutia moyo, lakini mengi yalitoa samaki wachache, mengine yakiwa na ukubwa wa mita 20 za mraba tu, na mengi hayakutunzwa kwa njia iliyo sawa. Watu walihesabu mashimo. Sisi tusingependa kitabu cha kumbukumbu cha miaka kumi ijayo kiandike hivyo juu yetu.

Kwa hiyo Kamati inaleta mbele yenu maazimio mawili. La kwanza ni kwamba Chama kisimpe mwanachama yeyote vifaranga vya mkopo mpaka bwawa lake limejaa kwa muda usiopungua siku 14 na limepita kipimo cha mkono; na kwa matangi, mpaka chujio limefanya kazi majuma 6, au majuma 3 kama limetiwa kokoto za zamani na kipimo kimeonyesha kwamba amonia na nitriti hazipo. La pili ni kwamba kila chama cha msingi kimchague mtu mmoja wa kupima maji, mwanamume au mwanamke, naye awe wa kwanza kuitwa samaki wanapokufa, kabla ya balozi na kabla ya polisi.

Twafahamu kwamba azimio la kwanza halipendwi. Wako waliotuambia wazi kwamba wamekwisha kulipa kiingilio, bwawa limejaa, na ofisi inawachelewesha kwa makusudi ili wengine watangulie. Manung'uniko hayo yana haki ndani yake, maana riba huanza kuhesabiwa siku mkopo unapoandikwa, na mtu hulipia siku ambazo hana samaki. Kamati imelitazama hilo. Inapendekeza kwamba mkopo wa vifaranga uandikwe siku vinapotoka kwetu, si siku ombi lilipopokewa, na majina ya wanaongoja yabandikwe mlangoni pa ofisi kwa utaratibu wa tarehe, kila mtu asome mwenyewe.

Wale jirani wawili tuliowataja mwanzo wamo humu, nao wameturuhusu tuseme kwamba mfereji wao sasa ni mmoja, na kwamba mwenye nyanya huoshea bomba lake upande wa pili wa barabara.

Mapipa mawili ya mfano yamewekwa chini ya mwembe, yakiwa na pampu inayokwenda na samaki walio hai tangini. Anayetaka kuona jinsi kokoto zinavyotikiswa aje saa nane, kabla ya kura, wala asije na sabuni.